Shangazi alifukiza udi koti langu la maabara, nikajua nimeharibu umri wa chungu cha watu

Wakuu, salaam kutoka Columbia Heights, juu kidogo ya Minneapolis. Theluji ya mwisho inayeyuka pembeni ya barabara na majirani tayari wako nje na kaptula.

Nina kisa. Kimenikuta mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi hata punje. Shangazi yangu akikiona atathibitisha, halafu atanigombeza kwa kumweka mtandaoni.

Mimi ni binti wa Tanga. Nilimaliza chuo hapa mwaka jana, nikapata kazi ya majaribio kwenye maabara ndogo upande wa Saint Paul. Tunaandaa sampuli za kupimwa umri kwa radiokaboni.

Mnaonifahamu humu mnaijua tabia yangu. Mtu akinijibu "sawa" bila neno lingine, usiku huo silali.

Kwa wasioijua kazi hii, iko hivi.

Kila kilicho hai kinaingiza kaboni mwilini, na sehemu ndogo mno ya kaboni hiyo ni ya aina inayooza polepole, yaani kaboni-14. Fikiria salio la simu. Ukiwa hai unaongeza vocha kila siku. Ukifa, hakuna wa kukuwekea. Salio linapungua lenyewe kwa mwendo unaojulikana: nusu inaisha kila baada ya miaka kama elfu tano na mia saba. Ukipima kilichobaki, unajua kiumbe kilikufa lini.

Mashine yenyewe ya kupimia iko jimbo lingine. Sisi ni wasafishaji. Asidi, alkali, asidi tena, kisha tunakausha na kutuma. Kaboni ngeni ikiingia, jibu linakuwa la uongo.

Haya. Mwezi wa pili tukaletewa kigae cha chungu cha kale.

Wenyewe ni jamii ya wenyeji wa asili wa huko kaskazini kwenye maziwa. Wao tangu zamani wanavuna mpunga wa porini, ule unaoota ndani ya ziwa. Walitaka kujua bibi zao walianza lini kupika kando ya ziwa lile. Ndani ya kigae kulikuwa na ukoko mweusi, umeganda. Ndiyo, wakuu, ukoko huu huu wa sufuria. Ukoko ni chakula kilichoungua, na chakula kilikuwa kiumbe hai, kwa hiyo unapimika.

Shida ni kwamba kuupima ni kuumaliza. Hakuna kurudisha. Wazee wao walijadiliana muda mrefu, wakaruhusu tukwangue mara moja tu.

Mama anayewawakilisha anaitwa Donna. Alikileta kigae mwenyewe, kimefungwa kwenye blanketi kama mtoto. Akamwambia bosi wangu, Dokta Linnea: "Mkikosea, mimi sirudi kuwaomba wazee mara ya pili." Alisema huku anacheka, lakini mimi nilisikia yale maneno tu, kicheko sikukisikia.

Linnea akanigeukia: "Huu utausafisha wewe."

Niliusafisha, hatua zote. Nikatuma pamoja na kipande cha mkaa kilichotoka kwenye jiko la kale lile lile kilimookotwa kigae. Nikasubiri.

Ijumaa moja mchana Linnea akanitumia ujumbe: "Matokeo yamerudi. Umri wa mkaa uko ulipotarajiwa. Ukoko ni mzee kuliko mkaa kwa karne kadhaa. Inavutia! Tuongee Jumatatu."

Wakuu, mtu wa Minnesota hakwambii jambo baya usoni. "Inavutia" ndivyo wanavyosema wakionja chakula wasichoweza kukimeza.

Na chungu hakiwezi kupikiwa karne kadhaa kabla ya moto wake kuwashwa. Kwa hiyo kuna kilichoingia. Kwa hiyo nilikiingiza mimi.

Nikaanza kurudisha siku ile nyuma hatua kwa hatua. Glavu nilivaa. Vyombo vilichomwa. Halafu nikakumbuka Linnea alivyopita karibu yangu akasema, "Leo unanukia vizuri."

Nikaenda jikoni kwa Shangazi Mwanaidi, ambaye ndiye ninaishi naye. Ana duka la nguo kule Frogtown.

"Shangazi, lile koti langu jeupe nililoleta kufua, ulilifanya nini?"

"Nilifua, nikapiga pasi, nikafukiza."

"Ulifukiza udi?"

"Mara mbili. Lilikuwa linanuka dawa kama wodi. Mtoto wa Tanga utaendaje kazini hivyo?"

Nikakaa chini. Moshi wa udi ni kaboni. Mkaa wa chetezo ni kaboni. Nimevaa kaboni kutoka kola mpaka magoti, nikauinamia ukoko wa wazee wa watu.

Nilimweleza. Akanisikiliza, akageuza chapati. "Basi mpe namba yangu huyo bosi wako. Nitamwambia ni mimi, kwa Kiingereza changu chote."

"Shangazi, haitasaidia."

"Hujanisikia nikigombana na watu wa umeme wewe."

Wikendi nzima nilikuwa naandaa maneno ya kumwambia Donna. Kila nikifika kwenye "samahani", namwona anarudi kwa wazee wake mikono mitupu. Kazi nilishaiaga kichwani. Kazi hupatikana. Ukoko ule haupatikani.

Jumatatu niliingia nikayamwaga yote kabla Linnea hajavua koti la baridi. Udi, chetezo, mara mbili, shangazi.

Akavua koti, akalitundika. Kisha akauliza, "Huo udi ni mti?"

"Ndiyo."

"Uliokatwa zamani?"

"Hapana, wa juzi juzi tu."

"Sasa moshi wa mti wa juzi ungeufanya ukoko uonekane mzee, au kijana?"

Wakuu, swali hilo nililijibu kwenye mtihani wa mwaka wa pili. Mti wa juzi una salio lililojaa. Ukichanganya, sampuli inaonekana changa.

"Kijana," nikasema.

"Na ukoko wetu umetokaje?"

"Mzee."

Akaanza kucheka, hadi akashika meza. Ningeishia hapo ningekuwa mtu wa kawaida. Lakini mimi ni mimi.

"Subiri! Vile vidonge vya mkaa vya kuwashia udi, vya dukani, kama vimechanganywa na makaa ya mawe je? Hayo yamekufa mamilioni ya miaka, salio ni sifuri. Yangeongeza umri!"

Linnea akaacha kucheka. "Hilo," akasema, "ni wazo zuri kwa bahati mbaya."

Tukafungua matokeo. Kila kundi la sampuli linasafishwa pamoja na kipande cha mti ambao umri wake tunaujua tayari kwa kuhesabu pete zake. Siku ile niliosha kipande hicho nikiwa na koti lile lile, meza ile ile. Kama nimechafua, nacho kingeongopa.

Kilisema kweli tupu.

"Koti halina hatia," Linnea akasema. "Lakini mwambie shangazi afukize nguo nyingine. Sasa niambie wewe, kwa nini ukoko ni mzee?"

Hofu ilipotoka, kichwa kikafunguka. Nikafikiria ukoko wa kwetu. Ukipika wali na samaki chungu kimoja, chini kinashika vyote. Na samaki wa ziwani anapata wapi kaboni? Majini. Na maji yale yanapita kwenye mawe ya chokaa, kama ya kwetu Tanga yanayoacha utando mweupe kwenye birika. Chokaa ni ya kale mno, salio lake liliisha zamani.

"Samaki!" nikapiga kelele. "Samaki wa ziwa lile anaonekana mzee wa karne kadhaa akiwa bado anaogelea! Ukoko ni wa samaki!"

Linnea akapiga makofi. "Ndilo nililotaka tuongee! Nilipoandika inavutia, nilimaanisha inavutia!"

Tukathibitisha bila kukigusa kigae tena. Unga kidogo uliobaki wa ukoko ule, usiotosha kupima umri, ulikuwa na nitrojeni ya aina inayopatikana kwa wingi kwenye samaki. Na kwenye udongo wa jiko lile kulikuwa na punje ya mpunga iliyoungua. Mpunga huo, ingawa miguu iko majini, unavuta kaboni yake hewani, kwa hiyo haudanganyi. Tukaupima. Ukakubaliana na mkaa.

Siku ya kumpigia Donna kwa video, Linnea alinisukumia kiti. Nikaeleza yote, mpaka chokaa. Donna akacheka kile kicheko chake, na safari hii nilikisikia.

"Binti, kwani mlidhani bibi zangu walikula wali mkavu?"

Akageuka akamwambia mtu aliyekuwa nyuma yake. Nikasikia sauti za wazee kadhaa, zote kwa pamoja, wanabishana ni samaki yupi. Ubishi ule ulikuwa mtamu, hakuna aliyekumbuka kukata simu.

Nilichojifunza: kabla hujajihukumu, uliza kosa limeelekea upande gani. Mimi nililia siku mbili kwa dhambi ambayo ingezaa matokeo ya kinyume kabisa. Na ukiwa na hofu, iseme mapema kwa mwenye kujua. Ikikaa kichwani mwako peke yako inaota matawi.

Wenye maswali ya radiokaboni ulizeni, nitajibu ninachokijua. Wa visiwani, najua ukoko mnauita utandu, msianze. Na wale wa kusema "uzi mrefu sana" nawasamehe mapema.

Wazee wa watu walitupa ukoko kidogo wakitaka umri. Tumewarudishia umri, na kitoweo juu.