Nilivyompiga Baba Mkubwa Mgongoni

Kosa langu lilikuwa kikombe cha maji. Darasani tulifundishwa, nikaandika daftarini na kupigia mstari, kwamba aliyekabwa na chakula kooni hapewi maji. Siku ilipofika, mimi huyo, mbio na kikombe. Hadi leo harufu ya matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa juani mpaka vikawa vigumu kama ngozi, hunikumbusha ujinga huo kabla ya utamu wake.

Kilikuwa kiangazi pale Kwihara, nami niko darasa la sita. Baba Mkubwa, kaka yake baba, aliketi kibarazani na wageni wawili kutoka Goweko waliokuja kuposa dada yangu. Alikuwa mtu wa kuogopwa: tulimwamkia kwa kupiga magoti, na ole wako upite mbele yake umejinyoosha kama mlingoti. Alikuwa anatafuna matobolwa huku anacheka, jambo ambalo sisi alitukataza. Ghafla kicheko kikakatika. Hakukohoa, hakusema, alishika shingo, macho yakamtoka. "Anatajwa huyo!" mgeni mmoja akatania. Ndipo nikaleta maji yangu. Yakamrudia puani, midomo ikaanza kubadilika rangi.

Hapo daftari likanijia kichwani. Nikamwinamisha mbele, mkono mmoja nikauweka kifuani pake, na kwa kitako cha kiganja cha pili nikampiga katikati ya mabega, moja, mbili, mpaka tano. "We mtoto! Unampiga baba yako?" Shangazi akapiga ukelele, ananivuta gauni. Sikuacha. Nikamzunguka nyuma, nikamkumbatia (bahati alikuwa mwembamba), ngumi juu kidogo ya kitovu, nikavuta ndani kuelekea juu kwa nguvu zangu zote. Mara ya tatu kipande kikaruka, kikatua kwenye kanzu ya mgeni.

Jioni niliitwa niombe radhi kwa kumdhalilisha mzee mbele ya wakwe. Magoti nilipiga, adabu ninayo. Radhi sikuomba. "Shikamoo, Baba Mkubwa. Nimekupiga, na ukikabwa tena nitakupiga tena." Shangazi akaanza kutafuta fimbo. Baba Mkubwa akaitikia "marahaba" kwa sauti ya kukwaruza, akaniambia niende nikale. Shangazi alininunia msimu mzima.

Sasa mimi ni mtu mzima, elimu yangu iliishia kidato cha nne, na nakaa ndani mno hadi majirani hudhani nimesafiri. Siku hizi simu zimejaa video za huduma ya kwanza, lakini mtu akikabwa bado kinaletwa kikombe cha maji, na tonge la ugali la kusukumia. Navizuia vyote. Anayeweza kukohoa namwacha akohoe. Asiyeweza namshukia, awe mjumbe, awe mkwe. Idi iliyopita ilikuwa zamu ya mume wa jirani yangu, Mama Siwema, na pande la nyama. Makofi matatu ya mgongo yakatosha. Alipopata pumzi, neno lake la kwanza lilikuwa kwamba nimemvunjia heshima mbele ya wageni. Mama Siwema hata hakuacha kupakua pilau: "Kaa kimya, Baba Siwema. Saa hizi ungekuwa umefunikwa shuka, na hayo malalamiko ungempelekea nani?"