Kidevu cha Soda

Wewe ungempa mlevi wembe akunyoe? Jibu kwanza, ndipo umcheke Soda.

Soda ni kinyozi mwenye kibanda nyuma ya stendi. Jina hilo alibandikwa na walevi wenzake wa zamani, maana alipoacha pombe hakuacha kuingia baa. Huagiza soda yake, akaketi na yeyote aliyechoshwa na chupa. Wengine huwafokea walevi wakiwa ng'ambo ya barabara. Soda huvuta kiti.

Jioni moja alibisha hodi kwa kinyozi mwenzake, aliyefukuzwa kazi kwa ulevi. Mke wa yule bwana alikuwa kwenye cherehani yake. Mabegi yalikuwa mlangoni, yamefungwa: mume akilewa tena, yeye na watoto wanahamia kwa kaka yake.

"Shemeji, mwenyewe yupo?"

"Yupo, kama kule ni kuwepo. Umeleta dawa?"

"Nimeleta kidevu."

Mume akacheka kutoka kitandani. "Soda, nenda zako bwana!"

"Kesho asubuhi, kibandani kwangu. Utaninyoa."

"Nikikukata je?"

"Ngozi ni yangu, inakuuma nini?"

Mke akamsindikiza Soda hadi nje, udadisi ukimwasha. Mkono wa mumewe aliujua vizuri. Akizimua asubuhi kwa pombe kidogo, unatulia tuli. Asipopata, unatetemeka mpaka kikombe kinagonga meno. Sasa huyu anataka mkono upi?

"Unajua lakini asipokunywa mkono wake..."

"Najua, shemeji. Wangu ulikuwa vivyo hivyo."

Akaondoka akipiga mluzi, akamwacha mama wa watu na swali lake.

Asubuhi mama aliamka akakuta upande wa pili wa kitanda mtupu. Baa au kibandani? Alitoka mbio, hata viatu akavaa vya mwanawe. Alipofika kibandani akachungulia dirishani.

Soda alikuwa amejilaza kitini, povu mpaka masikioni, shingo wazi. Mumewe alisimama juu yake, jasho likimtiririka, wembe ukimcheza mkononi kama samaki. Ukashuka. Ukagusa shavu. Mstari mwekundu ukachuruzika ndani ya povu.

Mama akaziba mdomo.

Soda akafumbua jicho moja, akajitazama kiooni, kisha akaangua kicheko cha mtu aliyeambiwa amepata mtoto.

"Umenikata, mshenzi wee! Hujanywa!"

Mama akaingia, akaketi kwenye benchi la wateja, akangoja kuona shavu la pili.