Madirisha Ambayo Mama Hafungi

Kompyuta ya duka letu pale Sosiot tuliipata mnadani, ofisi moja ya shamba la chai ilipoamua kuachana na vifaa vyake vya zamani. Ilikuja na vumbi tumboni na kibodi isiyo na herufi ya Q, ambayo kwa bahati nzuri Kiswahili hakina haja nayo. Mimi niliipenda siku hiyo hiyo. Mama yangu aliivumilia tu. Alikuwa amemaliza miaka yake ya kazi kwenye taipureta ya kiwanda, na kwake mashine isiyopiga kelele ni mashine inayotegea kazi.

Tulikuwa wawili dukani. Yeye alichapa, mimi nilishughulika na printa, fotokopi na ubishi wa wateja. Tulichapa barua za kuomba kazi na mambo ya vyama vya maziwa, lakini zaidi ya yote tulichapa programu za mazishi. Huku kwetu mtu hazikwi hivi hivi. Lazima kuwe na kijitabu chenye picha yake mbele na historia ya maisha yake ndani.

Tatizo la kompyuta lilikuwa nafasi. Kila kazi iliacha mafaili ya muda nyuma yake, kama maganda ya viazi jikoni, mpaka mashine ikaanza kwenda kwa kujikokota. Ndipo nikaandika faili la bachi, yaani mistari michache ya amri unayoiandika mara moja, halafu kila siku unabofya tu na yenyewe inafanya kazi. Nililiita "safisha". Dirisha jeusi lilifunguka, maandishi meupe yakakimbia, na kila kilichokuwa kwenye folda ya mafaili ya muda kikafutwa moja kwa moja, bila hata kupitia kwenye pipa la taka. Baada ya hapo niliizima kompyuta na kuiwasha upya, ikarudi imechangamka. Mimi ni mtu wa usafi, na kazi hiyo ilinipa raha ambayo mke wangu husema si ya kawaida.

Mama ndiye aliyeniharibia raha. Hakuwa anafunga kitu. Akimaliza kuchapa barua, aliishusha chini ya skrini na kufungua nyingine, na nyingine, hadi ile safu ya chini ikajaa na kompyuta ikakosa pumzi. Kwenye taipureta alifundishwa kwamba karatasi inabaki kwenye mashine mpaka mwenyewe aje aisome. Nilimweleza mara nyingi kwamba hii si taipureta.

"Na mwenyewe akitaka kubadilisha?" aliniuliza.

"Unafungua tena, mama."

"Sasa nifunge nifungue, nifunge nifungue. Hiyo ni kazi gani?"

Asubuhi moja alikuja mzee aliyekuwa amefiwa na mkewe. Alikuwa mkulima wa chai na ng'ombe wachache, jirani wa mbali. Binti yake aliyeko Nairobi alikuwa ametutumia ukurasa kwa barua pepe, wenye tarehe na majina ya watoto basi. Mengine, alisema, baba atayasema mwenyewe.

Mzee alikaa kando ya mama hadi karibu saa sita. Aliongea Kipsigis, na mama, ambaye kwao ni upande wa ziwa lakini alizaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa chai, alimsikiliza kwa Kipsigis na kuchapa kwa Kiswahili. Nilikuwa nikitoa fotokopi polepole ili nisikie. Alisimulia kwamba wakati akifanya kazi ya uashi Silibwet, akirudi nyumbani mwisho wa mwezi, mkewe alikuwa akichuma chai yote isipokuwa mstari mmoja. Huo aliuacha mpaka mume afike, wauchume pamoja, mmoja huku na mwingine kule, wakipeana habari. Kufikia hapo majani yalikuwa yameshakomaa mno, kituo cha kununulia chai kisingeyapokea. Mama mkwe alimgombeza kwa hasara hiyo, na yeye akaendelea kuuacha.

Mzee alipoinuka alishika meza kwanza.

"Mama, nimesema yote," akasema. "Mara ya pili sitaweza."

Akaenda Kericho kushughulikia mochari, akaahidi kurudi jioni kusoma. Mama naye akatoka kwenda kununua mboga, sukuma ya jioni.

Mchana printa ikagoma. Kompyuta ilisema haina nafasi. Nikabofya "safisha", dirisha jeusi likafunguka, maandishi yakakimbia, nikaridhika. Kulikuwa na mstari mmoja uliosema faili fulani linatumika na haliwezi kufutwa. Mstari wa namna hiyo ulijitokeza mara kwa mara, na sikuwa na desturi ya kuusoma. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenda kuizima kompyuta mama aliporudi na sukuma yake.

"Ya mzee iko tayari," akasema. "Imebaki tu kuprint."

"Umesave wapi?"

"Pale pale kwa email. Nilifungua ile ya msichana, nikaandika, nikasave."

Ukurasa uliofunguliwa kutoka kwenye barua pepe, kwenye kompyuta yetu ile, ulikuwa ukikaa katika folda ya mafaili ya muda. Nikaifungua folda. Ilikuwa imefagiliwa, limebaki faili moja lenye jina la tarakimu tupu, nikalipita bila kulifungua. Nikatafuta kwa jina la marehemu, nikatafuta kila mahali, nikarudi kwenye barua pepe na kukuta tarehe zile zile na majina yale yale. Niliogopa kweli. Nilimwona mzee akishika meza.

"Mama, imeenda," nikasema.

Mama aliweka sukuma juu ya fotokopi. "Imeenda wapi? Mimi sijafunga. Mwenyewe hajakuja."

Akasogea, akatafuta katika safu ile ya chini niliyoichukia, akabofya. Ukurasa ukapanda juu, mzima, hadi mstari wa mwisho. Lilikuwa ndilo faili ambalo dirisha jeusi lilikataa kufuta, kwa sababu lilikuwa wazi. Nililihifadhi upya kwenye folda ya kazi, kwenye flashi, na nikamtumia binti nakala. Mama alinitazama kama anayemtazama mtu akifunga mlango mmoja kwa kufuli tatu.

Mzee alirudi jioni. Alisoma kwenye skrini kwa kidole, bila haraka. Alipofika kwenye ule mstari wa chai, kidole kikakaa hapo. Kisha akaendelea hadi mwisho, akasema ni sawa, hakuna cha kubadilisha. Tukachapa nakala zake, akazipokea kwa mikono miwili.

Mama akashika kipanya. Akamwuliza kama alivyowauliza watu tangu enzi za kiwanda, karatasi ikiwa bado kwenye taipureta:

"Basi nitoe, mzee?"

Mzee aliutazama ukurasa.

"Wacha ikae kidogo," akasema.

Akatoka na bahasha yake. Tukafagia duka, mama akachukua sukuma, nikafunga madirisha mengine yote ya kwenye skrini. Lile la mzee nikaliacha, na jioni ile tulifunga duka bila kuzima kompyuta.