Msimu Tuliofungwa Kila Mechi

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mwili unanisisimka mpaka leo, na mvi zote hizi. Jana ulipokuja ofisini kwangu hapa kwenye jengo la Tianxiu ukaniambia kwamba timu yenu imefungwa tena na wewe unajitoa, sikukujibu. Mzigo wa Dar ulikuwa unafungwa, makelele yamejaa. Leo nimetulia. Kaa.

Mimi sikuja Guangzhou kufanya biashara. Nilikuja kusoma katika chuo hichohicho chenu, kijana kutoka Unguja, sijui hata kushika vijiti vya kulia. Wageni tulikuwa wachache, tukaunda timu ya mpira: Watanzania, Wakenya, Wakongo, na Myemeni mmoja aliyekubali kuwa golikipa kwa sababu hapendi kukimbia. Tukaingia ligi ya vyuo tukijiona wakali. Lo! Tulifungwa mechi ya kwanza, tukafungwa ya pili, tukaendelea kufungwa mpaka watu wakawa wanakuja uwanjani kucheka tu. Ukienda bwaloni kuchukua wali wako, mtu anakuonyesha kwa vidole mabao mliyopigwa.

Nahodha wetu aliitwa Matayo, mwanafunzi wa udaktari kutoka Iringa. Mrefu, mpole, na mguu wake wa kushoto haukuwa na kazi yoyote. Nilikaa naye chumba kimoja. Alfajiri mimi nikimaliza kuswali, yeye keshafunga kamba za viatu anakwenda kukimbia, hata kama jana yake tumefungwa vibaya. Nilidhani ni ukaidi.

Ikabaki mechi ya mwisho, nayo ilikuwa dhidi ya mabingwa wenyewe. Timu isiyofika uwanjani ilikuwa inafutwa, na chuo kilishatuambia kwamba tukifutwa, wageni hawatapewa timu tena. Tukakutana chumbani kwetu. Otieno, Mkenya, mshambuliaji wetu, akasema wazi, "Wasee, mimi siendi kuchekwa tena. Wafute tu."

Wengi wakaitikia. Matayo hakugombana na mtu.

"Wako watakaokuja baada yetu, nao watataka kucheza," alisema. "Mimi nitakwenda. Atakayekuja atanikuta."

Siku ya mechi ilinyesha ile mvua ya hapa, nzito na ya joto, inayokulowesha mpaka unasahau kuikimbia. Tulifika wawili, mimi na Matayo. Matayo akaingia katikati ya uwanja akaanza kupasha misuli, peke yake, na jukwaani watu wanajishika mbavu. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Kisha Myemeni akatokea. Wakaja Wakongo wawili, mmoja baada ya mwingine, na Mtanzania mwenzetu. Chini ya wachezaji saba hakuna mechi, na refa alikuwa anatazama saa. Wa saba alikuwa Otieno, amenuna, viatu mkononi.

"Usiniulize kitu," aliniambia.

Tukacheza saba kwa kumi na mmoja. Mabao ya kipindi cha kwanza sikutajii. Wakati wa mapumziko nilimwona nahodha wa mabingwa, kijana mmoja aitwaye Liang, akizungumza kwa muda na kocha wake. Kipindi cha pili walipotoka, nao walikuwa saba. Mwanangu, nilishusha pumzi. Nikasema kimoyomoyo, alhamdulillahi.

Matayo akavuka uwanja, akasimama mbele ya Liang. Alisema kwa Kichina kilichonyooka, waliokaa mbele wote wakasikia.

"Kaka, asante. Umetufanyia wema. Lakini warudishe wenzako. Sisi tumekuja kucheza na mabingwa, wote. Upungufu huu ni wetu, si wenu."

"Huyu amerukwa na akili," Otieno alininong'oneza.

Liang alimtazama, maji yakimchuruzika usoni. "Mtafungwa sana."

"Tunajua."

Liang akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa. Akageuka, akawaita wenzake waliokuwa benchi.

Hapo vicheko vikakatika. Na wale mabingwa hawakutuonea huruma tena, walikuja kwa nguvu zao zote. Sikuwahi kuheshimiwa vile. Tulikimbia mpaka mapafu yakawaka moto. Myemeni, yule asiyependa kukimbia, alikuwa anaruka huku na huku kama ametiwa wazimu. Mwishomwisho Otieno akapata mpira, akawatoka mabeki, akapiga. Mpira ukagonga mwamba ukatoka nje, na uwanja mzima ukaguna. Watu walewale waliokuja kutucheka waliumia pamoja nasi!

Kipyenga kilipolia, hakuna aliyeondoka. Walisimama kwenye mvua, kisha wakaanza kupiga makofi, na makofi hayakuisha haraka. Nilimtazama Matayo, tope mpaka kwenye nyusi. Nikaingiwa na woga, lakini si woga wa kuumizwa. Ni ule unaokupata ukisimama mbele ya kitu kikubwa kuliko wewe. Nimelala naye chumba kimoja, nimekula naye sahani moja, kumbe sikuwa namjua.

Timu haikufutwa. Leo Matayo ni daktari wa upasuaji kwao. Nikimtajia siku ile kwenye simu, anasema hakumbuki alichomwambia Liang.

Sasa nisikilize, mwanangu. Kufungwa kutakukuta, uwanjani, darasani na hata kwenye biashara kule kwenye maduka ya mtaa wa Guangyuan Xilu. Sikuombi upende kufungwa. Ninachokuomba ni ufike, hata kama unafika peke yako, kwa maana wapo wanaongoja kuona nani atatangulia. Na mtu akitaka kukupunguzia mzigo kwa sababu anakuona mnyonge, mshukuru kwa moyo mweupe, kisha umwombe akupime kama anavyowapima wenzako. Utaumia. Lakini utajua urefu wako, na yeye ataujua.

Mola akutie nguvu miguuni na upole moyoni. Akuweke mbali na dharau, yako na ya wengine, na akujaalie rafiki utakayemstaajabia angali hai. Amin, mwanangu. Amin.