Vibaba vinane vya dada Somoe

Wenzangu, leo nusura nikose kazi kwa ajili ya mchele!

Nilikuwa najaribiwa kufundisha hesabu chuo cha ualimu hapa Lindi. Mkaguzi amekaa nyuma. Wanafunzi wote wamenizidi umri.

Nikauliza, nikaandika na ubaoni: kibaba kimoja cha mchele hulisha wageni wanne. Wageni arobaini watataka vibaba vingapi?

"Kumi," wakajibu.

"Vinane," akasema mmoja wao, dada Somoe wa Somanga.

"Amekosa. Endelea," akasema mkaguzi.

Nikageukia ubao niendelee. (Mnajua nilivyo na haya.) Lakini nikauliza, "Kwa nini vinane, dada?"

"Mwalimu, si wageni hao? Kwetu mgeni hapimiwi kibaba cha mfuto, kilichofutwa juu kikawa sawa na mdomo. Unataka akatuseme?"

Darasa likacheka. Mkaguzi hakucheka.

Nikachukua kibaba na mchele niliokuja nao kufundishia, nikajaza kibaba cha tele, chenye kilele. Nikakifuta, nikaweka kilele kando. Nikafanya hivyo mara nne. Vile vilele vikajaza kibaba kizima!

Basi vinane vya tele ni kumi vya mfuto.

Mkaguzi akaja mbele, akashika chaki, akaongeza kwenye swali langu ubaoni: "cha mfuto".

"Swali ndilo lililokosa," akasema. "Jumatatu uje na maswali yaliyo kamili."

Jumatatu, jamani! Nimeajiriwa au nimekaripiwa?