Mtama wa Vijiji Vitatu

Kila tulipokula kwa shangazi yangu, huko Tottenham, London, mtani wetu aliyekuwa akipakia mizigo kwenye maghala ya Hayes alifunika sahani yake kwa kiganja. "Naficha chakula. Wajukuu wa aliyewaonyesha Wajerumani mtama hawaaminiki." Shangazi alimjibu kwamba babu wa mtani mwenyewe alikimbia vita kavaa kanga ya mkewe. Tulicheka. Watani wanaruhusiwa hata kumsema maiti.

Kisha akaja mwanahistoria na nakala za nyaraka za Vita vya Majimaji. Utafiti wake ulionyesha kwamba njaa iliyomaliza watu kwetu Kusini haikuwa bahati mbaya. Iliagizwa: mashamba yachomwe, akiba zitafutwe. Ripoti kadhaa zilikuwa za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, akatafuta msomaji. Nilikubali hata kabla hajamaliza kuuliza, maana hakuna aliyewahi kuniita mtaalamu. Shangazi naye alialikwa kuzungumza Jumamosi kwenye mkutano wa kutangaza utafiti huo, kama mjukuu wa walioteketezwa. Hotuba alishaiandika kwenye daftari.

Alhamisi nilifika ukurasa wa kumi na moja. Karani alikuwa na mwandiko mzuri, usio na haraka. Kijiji chetu. Jina la babu yake shangazi, likifuatwa na la baba yake. Amewaongoza askari hadi pangoni ulikofichwa mtama wa vijiji vitatu. Amepewa unyapara. Nilisoma mara nne, nikiomba niwe nimesahau herufi.

Kesho yake mchana nilimwambia shangazi. Alilifunga daftari.

"Nitasimama vipi mbele za watu?"

"Usiende, shangazi."

"Nisipokwenda, karatasi itakwenda bila mimi." Akafikiri. "Mwite yule mtani. Aseme yeye, kama kawaida yake. Watu wacheke kwanza, ndipo niseme ni kweli."

Mtani alifika na koti lake la kazini. Nikamsomea ripoti, na majina ya vijiji. Cha pili kilikuwa chao.

Akaichukua nakala, akazitazama herufi asizoweza kuzisoma.

"Haya, uzao wa mkimbizi," shangazi alimchokoza, "leo ulimi umeusahau Hayes?"

Akavua kofia. "Shikamoo, mama." Miaka yote ile hakuwahi kumwamkia. "Hili siliwezi. Bibi yangu ndiye aliyenifundisha utani ule. Sikujua alikuwa anashtaki."

Shangazi hakumwitikia marahaba. Aliniuliza mkutano unaanza saa ngapi, na kama wazungumzaji huruhusiwa kukaa.