Mke wangu alivyoipiga laminesheni kadi yangu ya besiboli

Wakuu, amani iwe juu yenu.

Mimi ni mtu mzima mwenye wajukuu, na kwa umri huu uongo hauniongezei kitu. Haya yametokea nyumbani kwangu, Observatory, hapa Johannesburg.

Hobby yangu ni kadi za besiboli za zamani, zile za Marekani zenye picha ya mchezaji mbele na rekodi zake nyuma. Mchezo wenyewe siujui. Mpaka leo sielewi kwa nini mtu apige mpira, kisha akimbie kurudi palepale alipotoka.

Tena nakusanya zilizochoka tu, low grade. Pembe zimekunjika, zina doa la chai, zimetobolewa kwa pini. Zilizo safi zina bei ya matajiri wa Sandton. Lakini pia naona kadi iliyochakaa ndiyo iliyopendwa na mtoto fulani. Na kwa magoti haya niliyonayo, alhamdulillah, sina ubavu wa kudharau kilichochakaa.

Kuna timu moja nimeikusanya kwa miaka. Imebaki kadi moja, ya mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na glavu kubwa.

Anayo Papa Trésor, Mkongo wa Lubumbashi, dereva wa ghala moja Midrand. Tukakubaliana swap, aje nyumbani Jumapili: anipe mdakaji, nimpe mrushaji wangu mwenye masharubu.

Sasa wakuu, mnatujua sisi wa ugenini na karatasi. Cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule, vyote vinapigwa laminesheni, vinavikwa plastiki kwa mashine ya moto. Ndiyo heshima ya karatasi.

Ijumaa narudi msikitini, mke wangu, Mama Zuhura, ananipokea mlangoni akitabasamu.

"Baba Zuhura, ile kadi ya kumpa mgeni wako ilikuwa inatia aibu. Nimeipeleka Yeoville kwa yule wa photocopy."

Nikaiona. Plastiki nzito, inang'aa, pembe zimekatwa mviringo.

Kwa wakusanyaji, hapo kadi imekwisha. Plastiki ikishashikana na karatasi kwa moto, ukiibandua unabandua na uso wa mchezaji.

Nikasema, "Allah akulipe kheri." Kisha nikaenda kuswali rakaa mbili ambazo sikuwa nimezipanga.

Dini inatufundisha kuibainisha kasoro ya bidhaa kabla haijabadilisha mikono, kwa hiyo nikampigia Papa Trésor.

"Plastiki? Eish, Papa. Ntakuya tu, nione na macho yangu."

Jumapili akaja, ametoka kanisani. Kabla sijafungua mdomo, Mama Zuhura akaleta chai, vitumbua, na kadi juu ya sinia.

Hapo mdakaji nilishamsahau. Nilichoogopa ni mgeni kutoa neno litakalomvunja mke wangu mbele yangu.

Papa Trésor akaigeuza huku na huku. "Mama, ni wewe ulifanya hii?"

"Ni mimi."

"Ulifanya muzuri. Ata maji haiwezi kuingia. Lakini miye siwezi kuibeba. Kitu mama wa nyumba alichunga hivi, inabakia mu nyumba."

Akala vitumbua kwa raha zake, akaaga, akaondoka na mdakaji wake mfukoni.

Mlango ulipofungwa, Mama Zuhura akaniangalia. "Nimeiharibu, sivyo?"

Nilitamani kusema hapana. "Kwa wakusanyaji, ndiyo."

Akakusanya vikombe, akaingia jikoni. Baadaye nikasikia sauti yake.

"Baba Zuhura, kwani ulipoinunua ilikuwa nzima?"

"Hapana. Ilikuwa na doa, na matundu."

"Nani aliitoboa?"

"Simjui. Mtoto fulani huko Marekani."

"Huyo usiyemjua ulishamsamehe."

Wakuu, nimesoma madrasa, nimekaa na mashekhe, somo hili nimelipata jikoni. Nilicheka peke yangu sebuleni, naye akaanza kucheka huko jikoni.

Mrushaji wa masharubu sasa yuko kwenye albamu pamoja na waliotobolewa na waliomwagiwa chai. Hatoshi kwenye mfuko wake, anachungulia nje.

Nilichojifunza: unachokipenda, waeleze unaoishi nao kwa nini unakipenda. Mimi niliona haya kumweleza, yeye akapenda kwa njia aliyoijua.

Na nyinyi, aliyewahi kuharibiwa kitu kwa mapenzi atueleze alimjibu nini mwenziwe. Mwenye mdakaji naye asisite kuniandikia, hata kama ametafunwa na mbwa.